Ita

Katika sheria ya zamani, kifungu cha thelathini na moja,
kampuni "itang'oa" minara yake muda ukiisha,
na saruji ya chini, na nyaya,
na kuacha kilima kama ilivyokikuta.

I ni kampuni. Ta ni kesho.
Ukiziunganisha, unapata neno la kuita mtu.

Mimi ndiye niliyelifuta.
Si kwa chuki. Kwa kidole kimoja, saa kumi jioni,
mwezi wa Oktoba, mvua ya Santiago ikipiga vioo vya wizara.
Wakili wa wakopeshaji alikuwa ameeleza kwa upole,
akichovya biskuti kwenye kahawa:
soko la fedha halikopeshi juu ya "ita".
"Ita" haina bei, haina kikomo,
inakaa kwenye mizania kama mgeni asiyeaga.
Tuandike "inaweza kung'oa".
Nishati safi inahitaji mtaji,
na mtaji unahitaji usingizi.
Tukacheka. Tukanywa.
Kwenye safu ya maelezo nikaandika: marekebisho ya lugha.

Gazeti la serikali lilitoka Alhamisi.
Siku ishirini za maoni ya wananchi
ziliangukia msimu wa kuchinja nguruwe,
Toxeira nzima mikono ina chumvi,
nani atashika kalamu?

Shangazi Sabela hasomi gazeti. Anasoma mnara.
Namba tisa, nyuma ya zizi lake,
uliosimikwa mwaka aliomzika Hixinio,
sasa una miaka miwili hauzunguki.
Panga lake moja limepasuka;
upepo wa kusini ukija, linalia
kama mlango wa kanisa lisilo na padri.
Mafuta yanadondokea majani.
Mkataba anao, ndani ya kopo la biskuti,
una muhuri, una sahihi ya kampuni
iliyouzwa kwa kampuni
iliyouzwa kwa mfuko wa uwekezaji wa Luksemburg
ambao anwani yake ni kisanduku cha barua
kwenye mlango wa kioo.
Namba yao ya simu hupiga muziki.

Alinipigia Jumapili.
"Wewe uko huko wanakopika sheria, hebu nifafanulie.
Naona wameandika 'inaweza'.
Hata mimi naweza. Naweza kwenda Roma.
Nina miaka themanini na moja, sijaenda."

Nikamweleza habari za dhamana,
kwamba mdhibiti anaweza kuagiza,
kwamba mahakama inaweza kusikiliza,
na nikaisikia sauti yangu ikiweza, ikiweza,
hadi ikaishiwa.
Upande wa pili kijiko kiligonga sufuria.
"Nani aliyelibadilisha?"
"Kamati," nikasema.

Kamati ina vidole kumi.
Sikumwambia ni vya nani.

Desemba nilipanda kwenda kwake na fomu ya pingamizi,
siku ya ishirini na tatu, yaani bure.
Ukungu ulikuwa umekula kilima chote,
mnara ukawa kilio tu, hauna mwili.
Alitoka na viatu vya mpira, akasimama penye ua,
akaita: "Marela!"
Mara moja. Hata hakupaza sauti.

Nilihesabu hadi kumi na nne.
Kisha kengele, kisha pembe, kisha ng'ombe mzima
akatoka kwenye weupe ule,
kwato zake nyeusi kwa mafuta ya namba tisa.

"Unaona," shangazi akasema,
"na huyu hajui kusoma."

Nilichuchumaa. Mfukoni nilikuwa na rasimu,
kurasa sita, karatasi nzito ya wizara.
Nikamfuta kwato la mbele, la kushoto.
Karatasi nzuri ile,
lakini hainyonyi.