Kumi Zilizokwenda Mahali

Ninazo noti kumi na saba.
Nazilaza katika albamu ya harusi yetu,
kwenye kurasa ambazo wageni walishaliwa na mchwa,
na kila moja naivika nailoni
isipigwe na chumvi ya hewa ya Wete.

Zote za visiwa vya bahari ile nyingine,
za Numea, enzi Mfaransa akitia sahihi
fedha za watu asiowajua majina.
Mize huuliza, "Hizi zinanunua nini?"
Hata kiberiti hazinunui, namwambia.
"Basi zimempata mwenzao."

Niipendayo ni hii ya faranga mia.
Mbele, mwanamke wa Kizungu kavaa shada, hana haraka.
Nyuma, minazi, na ngalawa yenye tengo upande mmoja tu;
za kwetu zina pande mbili.
Nilidhani mchoraji kasahau,
kumbe ndivyo waundavyo wao.

Na pembeni, kwa penseli, hesabu ya mtu.
Neno moja nililipeleka Chake kwa mwalimu wa Kifaransa:
mbata, akanambia.
Magunia kumi na manne, mara tatu.
Jawabu: thelathini na mbili.

"Yafute hayo," anasema Premji wa Hurumzi kwenye simu,
"bei itapanda maradufu."
Nimeazima kifutio cha mjukuu, kinanukia ndizi.
Nimekaa nacho tangu alasiri.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa mizani,
ghala la karafuu, mlango wa kushoto.
Naijua hesabu iliyokosewa kwa bahati mbaya:
ina kovu, imekatwa, imerudiwa.
Hii imenyooka.
Mkono haukutetemeka.
Kumi zilikwenda mahali.

Mwaka ule wa mavuno haba, Bi Chumu wa Kangagani
alileta kilo arubaini na moja.
Nikaandika thelathini na tisa.
Alikitazama kitabu, naye hakujua kusoma,
akasema ahsante, mwanangu.

Ahsante ile
sijaipatia ukurasa.

Mize anaita, chai inapoa.
Kifutio nimekirudisha mkobani mwa mtoto.
Chini ya thelathini na mbili,
kwa mwandiko wangu wa ghalani, ule ule ulionyooka,
naandika arubaini na mbili.

Premji atasema nimeiharibu.