Mfereji wa Agosti

Agosti, hapa Mabela, tangi la darini
linachemka tangu saa tatu asubuhi,
na mfereji wa baridi hutoa maji ya kuunguza mkono.
Wenyeji wanajua: hita huzimwa mwezi wa tano,
maji yakalala humo ndani, kivulini,
kisha unafungua upande wenye alama nyekundu.
Huko ndiko ubaridi ulikojificha.
Mgeni huungua mara mbili, akajifunza.

Mimi si mgeni. Nimezaliwa hapa.
Nimeungua miaka miwili.

Daktari, kijana wa Nizwa mwenye kalamu inayovuja,
aliandika neno kwa Kiarabu. Nikarudi nalo nyumbani,
nikamfasiria mama: sonona.
Mama akaacha kuchambua mchele.
"Mtu husonona, mwanangu, kisha huacha.
Hayo ya kuwa na sonona, kama mtu ana kabati,
ndiyo kwanza nayasikia."
Usiku akanisomea maji katika kikombe cha buluu.
Nikayanywa. Na kidonge nikakimeza kwa maji yayo hayo.
Sikutaka kumvunja moyo yeyote,
si daktari, si mama,
si Yule anayesikia kabla hatujasema.

Watu wanadhani ni kilio.
Laiti kingekuwa kilio.
Ni kanzu iliyotundikwa mlangoni, ina makunyanzi,
na pasi iko hatua nne kutoka kitandani,
na hatua nne zimekuwa safari ya Salala.
Ni ujumbe: "Mundhir, uko wapi?"
na jibu ninalijua, na kidole hakiendi.
Ni kuegesha gari nje ya ofisi, kule Rusayl,
injini inanguruma, upepo wa baridi usoni,
dakika ishirini, thelathini,
nawatazama vijana wakipakia saruji juani,
na ninawaonea wivu, Mola nisamehe,
kwa kuwa wao wakichoka
wanajua kilichowachosha.

Ghaniya hakuniuliza tena "una nini?"
Aliuliza siku mia, swali likaisha makali.
Ila alfajiri moja nilisahau, nikafungua upande wa buluu,
nikapiga ukelele, naye akaja mbio na kanga begani,
akaniona nimeshika mkono, nacheka.
Kweli nilikuwa nacheka. Sijui kwa nini.
Tangu siku hiyo, kabla hajawapeleka watoto skuli,
husimama mlangoni: "Leo maji ya upande gani?"
Buluu, nasema. Basi huondoka polepole,
huniachia simu karibu na mkono.
Nyekundu, nasema. Huniachia vyombo.

Vyombo si vingi. Kikombe kimoja kwanza.
Cha pili kikitaka, nacho.

Na jioni, baada ya magharibi,
joto likiwa bado limeukumbatia ukuta,
natoka na mfuko wa taka mpaka jaa la kona.
Hata mfuko ukiwa nusu. Hata ukiwa robo.
Nyumba kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi,
paka wawili, taa moja inayopepesa,
na Bi Thuwaiba barazani anayeniombea dua:
"Mashaallah! Mwanamume anayetupa taka kila siku!
Wangu mimi hakujua hata jaa liko wapi."
Buthaina, binti yangu, hucheka kimya dirishani.
Yeye ndiye aliyenifuma juzi
nikirarua gazeti zima, nikilikunjakunja,
ili mfuko upate sababu ya kutoka.
Hakusema kitu.
Alikwenda kuchukua daftari lake la zamani,
akanisaidia kurarua.

Septemba haijafika.
Jana ilikuwa buluu, na juzi, na mtondo uliopita.
Leo sijaulizwa, wamelala wote.
Mlangoni kuna mfuko:
maganda ya ndimu mbili, kopo tupu la vidonge,
kokwa za tende za jana.
Nimeuinua kuupima.
Unabebeka.