Moja, Tatu, Nne, Mbili

Ikifika hapa gereji haikohoi.
Inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba,
na Bi Nyevu ananitazama kwa jicho la mtu
aliyembeba mtoto usiku hadi zahanati
homa ikamshuka mlangoni.
"Haki ya Mungu, fundi, jana ilinitesa."

Nauliza, daktari nisiye na kipimo:
Inaanza ikiwa baridi, au ikishachemka?
Tupu, au na mzigo?
Ikishachemka, anasema. Daraja la Sabaki.
Tupu inavumilia. Ikitoka Gongoni na magunia ya chumvi
inashtuka, inakata, inarudi,
kama msemaji aliyesahau neno, akalikumbuka,
akalisahau tena.

Datsun hii ni ya mwaka niliotahiriwa.
Mlango wa kushoto hufungwa kwa kamba ya katani.
Kwenye dashibodi marehemu mumewe alichonga jina kwa msumari,
TSOF, na A haikupata nafasi.

Wa kwanza kulaumiwa ni petroli, ndiyo desturi yetu.
Nikamwaga tangi, nikapata mchanga wa kujaza kisoda.
Nikaosha kabureta, nikapuliza jeti kwa mdomo
mpaka ulimi ukafa ganzi.
Nikaweka plagi mpya nne. Nikasugua pointi kwa msasa,
nikapima mwanya kwa gamba la kiberiti.
Akalipa. Akaenda.
Alhamisi ikarudi ikivutwa na trekta.

Shali, mwanagenzi wangu, asiyejua bado kunyamaza:
"Fundi, sisi tunabadilisha vitu, au tunatafuta?"
Nikamtuma chai.

Nikaiwasha, nikaiacha ichemke
hata boneti haishikiki.
Nikachomoa waya za plagi kwa zamu yake ya kuwaka:
moja, injini ikainama.
Tatu, ikainama.
Nne. Mbili. Ikainama vilevile.
Hakuna mvivu kati ya ndugu wanne.
Basi kosa si la watoto; nenda kwa mama.

Koili. Nikashika nyaya zake kwa vidole viwili,
nikazitikisa pole, kama unavyomwamsha mgeni.
Wa kwanza, kimya.
Wa pili
          ikakata
     ikarudi
          ikakata.

Ule mwembamba uendao kwenye distribyuta.
Kwa nje mzima, mweusi, umevishwa tepu.
Nikaichana. Ndani shaba imekuwa unga wa kijani,
chumvi imetafuna nyuzi zote ila mmoja,
na huo mmoja unagusa na kuacha, unagusa na kuacha,
kila injini ikiyumba kwenye raba zake.

"Mshenzi gani alisokota waya hivi, bila lehemu?"
nikasema kwa sauti, Bi Nyevu asikie.

Kisha nikauona uzi wa kushonea, mwekundu,
umezungushwa mara saba chini ya tepu,
fundo limefungwa kwa mkono wa kushoto.
Kisumu Ndogo yote, fundi wa mkono wa kushoto ni mmoja.
Uzi ule niliuiba kwenye cherehani ya mama
mwaka wa mvua kubwa, nikiwa mwanagenzi,
Tsofa akipiga honi, mzigo unamngoja.
Nikamwambia: Itakufikisha Mambrui. Kesho uirudishe.
Hakuirudisha. Nami sikuuliza.
Ikamfikisha miaka kumi na minne.

Shali amesimama na birika, anautazama mkono wangu.
Ningeweza kusema panya. Panya hawakatai.

"Bi Nyevu," nikasema, "huyo mshenzi ni mimi."

Hakucheka, hakukasirika. Akautwaa ule uzi,
akaufunga kwenye pindo la leso, pale anapofunga pesa.
"Na zile za plagi?" akauliza.
Nikamrudishia, noti kwa noti.

Waya mpya, lehemu, tepu. Chai haijapoa.

Sasa gari likipita usiku barabara ya Mambrui
mke wangu husema neno nisilisikie.
Nipo kitandani, nahesabu:
moja, tatu, nne,
nangoja mbili.