Kitufe Ambacho Kiwanda Hakikuweka

Chini ya redio, kando ya kiwashia sigara,
palikuwa na kibao kitupu,
cheusi, laini, hakina alama:
mahali pa kitu ambacho baba hakukilipia
aliponunua hii Pontiac kwa punguzo la wafanyakazi.
Tangu utotoni nilikuwa nakibonyeza kwenye taa nyekundu
kama anayebisha hodi nyumba anayojua haina mtu.

Sabufa niliifunga mwaka juzi, ndani ya buti.
Tangu hapo gari lina moyo wa pili,
nao hauna adabu.
Mama akipanda, Jumanne na Ijumaa, kwenda kusafishwa damu,
anashika kifua: "Ostap, hiyo ngoma inanipiga mimi."
Basi nasimama kando ya barabara, theluji kisogoni,
nafungua buti, nageuza skrubu ya amplifaya kwa bisibisi,
narudi.
"Sasa umeiua kabisa," anasema.

Kitufe, basi. Kiwe karibu na mkono.
Vipo vya kubandika kwa gundi, vina taa ya buluu,
vinaning'inia kwenye dashibodi kama kupe.
Lakini baba amefunga dashibodi miaka thelathini na moja,
hapa hapa Oshawa, zamu ya usiku,
na kwake kitu cha kubandika ni tusi.

Nikaenda kwa muuza skrepa.
Nikalala chali ndani ya pacha wa gari letu, aliyegongwa ubavu,
nikang'oa kitufe cha kupunguzia mwanga, dola nne,
na vibao vitupu vitatu vya kuharibu.
Cha kwanza nilikiharibu. Cha pili pia;
keekee haina huruma na plastiki yenye baridi.
Cha tatu nilikitoboa jikoni, juu ya gazeti la mama,
milimita saba, kisha tupa, kisha msasa wa maji,
kisha pumzi yangu, kama mtu anayepoza uji.
Balbu yake ilikuwa imekufa. Nikatia mpya.

Waya niliupitisha chini ya zulia,
nikauvika utepe wa kitambaa, uleule wa kiwandani,
pale ambapo hakuna atakayeuona
ila fundi, siku gari hili litakapokuwa skrepa.
Nililehemu vidole vikitetemeka.
Kikakaa. Chanda na pete.
Kilizunguka kwa uzito uleule,
kama kijiko ndani ya asali.

Jumapili jioni nikamwambia baba aendeshe yeye.
Neno lingine sikusema.
Akasogeza kiti, akageuza kioo, akawasha taa.
Hatukufika hata kona ya kanisa.
"Hiki cha nani?"
"Kipi?"
"Ostap, usinifanye mgeni ndani ya gari langu."
Akakizungusha kushoto, besi ikazama.
Kulia, viti vikanguruma.
Akapitisha ukucha kwenye pengo, pande zote nne.
"Pengo sawa. Kina sawa.
Ila taa zetu zilikuwa rangi ya chungwa.
Hii yako ina ukijani,
kama mtu aliyekula samaki mbovu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Tulipofika aliingia bafuni, akatoka na kitu mfukoni:
rangi ya kucha ya mama, ile ya harusi ya Lesia.
Nikashika tochi. Akaipaka ile balbu, punje ya mtama,
akangoja, akapaka tena,
ulimi nje kidogo,
kama nilivyokuwa namwona nikiwa mdogo
akilala mchana huku mikono yake ikifunga skrubu hewani.

Jumanne, tukiwa njiani, baba kiti cha nyuma,
mama akanyoosha mkono bila kutazama
akapunguza besi, kidogo, tena kidogo,
hadi ikawa kama mtu anayetembea chumba cha juu.
Kisha akageuka, mkali:
"Miaka yote hii
mlinificha kitufe hiki?"

Nikamtazama baba kiooni.
Alikuwa anahesabu nguzo za umeme.