Jora Chini ya Barabara

Bomba la kwanza lilipasuka Januari.
La pili Machi, siku tuliyomzika shangazi Lamzira,
tukaosha sufuria za matanga kwa theluji iliyoyeyushwa.
La tatu hakuna aliyelihesabu.

Malori ya madini meusi hushuka kutoka machimboni
tani thelathini, usiku na mchana,
na kijiji chetu kina barabara moja.
Juu gurudumu, chini maji ya kunywa,
katikati udongo usio na msimamo.

Akaja Nazibrola kutoka Kutaisi
na majora sita ya kitambaa cheupe kwenye trela.
Ushangi alicheka hadi akakohoa:
“Bomba limekufa, ndiyo mnaleta sanda?”
Yeye akaomba debe, mchanga, na mayai mawili.

Yai la kwanza alilifukia. “Kanyaga,” akamwambia.
Sote tulisikia.
La pili akalifukia vilevile,
ila juu yake, kati ya mchanga na mchanga,
akatandaza kipande cha jora, kingo zikienda mbali,
zikibanwa na mchanga kila upande.
Ushangi alikanyaga kwa kisigino na kwa kinyongo.
Tulipolifukua lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.
Ute haukutoka.

Mimi si mhandisi, nilishika koleo.
Mchanga laini kwanza, ndio kitanda.
Bomba. Mchanga tena mbavuni,
tukishindilia kwa mashine irukayo kama mbuzi aliyechokozwa.
Kisha jora, pana kuliko bomba mara nne, mara tano.
“Mbona pana hivi?” niliuliza.
“Lisiposhika udongo wa pembeni,” alisema,
“Ushangi atakuwa amesema kweli.”

Hapo nikamkumbuka mama katika mizabibu,
mimi mgongoni mwake ndani ya shali.
Uzito wangu haukukaa mahali pamoja:
begani kidogo, kiunoni kidogo,
kingine kifuani, palipofungwa fundo.
Alivuna hadi jioni.
Mbeleko haina nguvu za punda,
inajua tu kugawa.

Lori la kwanza lilipopita
Nazibrola aliinamisha kichwa
kama anayemsikiliza mtoto aliyelala chumba cha pili.
Likapita. Akafungua bomba la uani kwa Ushangi,
maji yakatoka na kutu, kisha yakatoka maji.

Huu ni mwaka wa nne.
Ushangi huwaambia wageni bomba ni la Kijerumani.

Sasa niseme langu.
Jora na jora vilipaswa kupishana nusu mita,
kanuni ilikuwa hiyo, aliirudia kila asubuhi.
Lakini usiku wa kuamkia siku ya mwisho
nilikata kipande, kizuri, kigumu, hakioneshi uchafu,
nikakipeleka nyumbani.
Kesho yake, kwenye kona ya kinu, jora halikufika.
Tukapishanisha shubiri moja.
Yeye alikuwa kwenye simu. Mimi nilikuwa na koleo.
Nilifukia haraka.

Malori hupita saa nane, saa tisa, saa kumi.
Najua kila moja likifika konani:
breki, gia, kimya,
na mimi macho darini, nikingoja mlio wa yai.

Kipande kipo mlangoni.
Karibu, jifute viatu.