Robota Namba 40718

Robota la Herminda Oyarzo lilipata namba
saa nne na dakika tisa asubuhi.
La Wenceslao Barría, mlango wa pili,
saa nne na dakika tisa hiyo hiyo.
40718. Na 40718.

Hapa Punta Arenas upepo hung'oa mabati
na kumgeuza mbwa njia,
lakini hili halikuletwa na upepo.
Niliuandika mimi, miaka sita iliyopita, mstari mmoja,
kisha nikainuka kunywa chai nikijisifu:
tazama namba ya mwisho, ongeza moja, weka.

Ukafanya kazi. Ghala lilikuwa na mizani moja
na Otilia, anayechapa kwa vidole viwili
na kupuliza kikombe chake kati ya robota na robota.
Mwaka huu wakafungua mizani ya pili, mlango wa kaskazini,
wakamweka Nahuel, kijana wa vidole kumi.

Otilia auliza: ya mwisho ni ipi?
Hifadhidata yajibu: 40717.
Nahuel auliza. Hifadhidata, isiyojua kusema uongo,
yajibu: 40717.
Kila mmoja aongeza moja kwa uaminifu wake.
Baina ya kuuliza na kuandika pana ufa
mwembamba kuliko unywele wa mwanakondoo;
walipita humo wote wawili, bega kwa bega,
wala hawakuonana.

Sufu ya Herminda, nyeupe, ya kufumia soksi za mtoto mchanga,
ikalipwa bei ya sufu ya Wenceslao, iliyojaa miiba.
Na Wenceslao akalipwa bei ya Herminda.
Ni yeye aliyekuja.
Kilomita mia na arobaini za kokoto,
akaweka noti mezani, juu yake jiwe la mizani
kwa ajili ya upepo wa mlangoni:
"Hizi si zangu. Kondoo wangu nawajua."
Siku hiyo nilijua kuwa aibu ina uzito,
na ghala lile lina kila kifaa cha kuupima.

Nilijaribu dawa za haraka.
Kwanza Otilia apige kelele, "Nabonyeza!"
na Nahuel angoje. Wiki mbili, sauti ikamkauka.
Kisha nikalitia kufuli jedwali zima:
anayeandika aandike peke yake, mwingine akae nje.
Otilia akaenda kula, fomu akaiacha wazi.
Malori yakapanga foleni hadi barabara kuu,
na madereva wakamtaja mama yangu
kwa sifa asizostahili.

Mwisho nikaufuta ule mstari.
Asitazame mtu namba ya mwisho; ya mwisho si ya mtu.
Hifadhidata ihesabu yenyewe, itoe namba
wakati wa kuhifadhi, si kabla,
na ikishatoa isirudi nyuma kuokota.
Mlangoni nikaweka sharti: pacha hapiti,
hata akija na barua yangu.

Yerko, bosi, ndiye aliyegundua pengo.
"41206 iko wapi?"
Ilitolewa, nikasema, umeme ukakatika, rekodi haikuingia.
"Basi lipe robota lijalo."
Hapana.
Sikuwahi kumwambia hapana.
Namba iliyopotea haidaiwi na mtu;
iliyorudiwa ina wadai wawili,
na mmoja wao huenda asiwe Wenceslao.
Akalitazama lile jiwe, bado liko mezani,
akaondoka bila kufunga mlango.

Jana nilipita mizani ya kwanza
nikamsikia Otilia, kwa mazoea tu, akinong'ona:
"Nabonyeza."
Na ng'ambo ya marobota,
Nahuel, asiyelazimika tena kungoja,
akajibu: "Bonyeza, mama."