Kadi ya Idwal Beynon

Eirwen Prosser anaandika shukrani kwa mkono,
barua mia mbili na kumi na saba,
ingawa mashine ya ghorofani ingezitapika zote
kabla birika halijachemka.
Desemba, kusini mwa Wales. Mvua ya bondeni
inabisha dirisha la ofisi
iliyokuwa stoo ya mashuka ya wagonjwa
na hadi leo inanuka sabuni.

Kila atoaye ana kadi, ndani ya kopo la biskuti.
*Beynon, Idwal. Pauni nne kwa mwezi, tangu Mair.
Goti la kushoto. Njiwa kumi na wanne wa mashindano.
Usimpigie Jumamosi timu ikiwa uwanjani.
Usimwite "mfadhili wetu mpendwa".
Alicheka mpaka akakohoa.*

Mkurugenzi mpya amekuja na piramidi ukutani,
wenye nazo kileleni.
"Hawa wa pauni nne," anasema, "stempu tu inawamaliza."
Eirwen habishi. Hesabu anaijua.
Anajua bei ya kitanda kimoja, usiku mmoja,
na kwamba mofini haiuzwi kwa hisani.
Anajua pia kuvaa viatu vinavyobana
akasimama ubavuni mwa Bwana Lockyer wa machimbo ya mawe,
kumsifia mbwa wake,
kungoja maongezi yalegee kidogo
ndipo alitaje paa linalovuja.
Paa alilipata.
Haoni aibu. Au anaiona,
akaivua usiku pamoja na viatu.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.
Hawakusema nani anaketi
kuijua kila haba kwa jina.

Oktoba, pauni nne hazikuja.
Novemba, hazikuja.
Mashine ikatunga barua yake: *Tumekukosa.*
Eirwen akaichana, akanyanyua simu.

"Sina, binti yangu. Gesi imepanda.
Nimeuza njiwa saba.
Nilidhani nikinyamaza hutagundua."
"Niligundua."
"Kwa hiyo unanidai?"
"Naulizia goti."

Kimya. Nyuma yake, njiwa waliobaki
wakinguruma kooni, kama wazee wasiokubaliana.
Kisha akaongea dakika arobaini na moja:
dirisha la chumba namba tatu,
Mair akitaka pazia wazi ili auone mlima wa vifusi
uliokwisha kuota majani,
na muuguzi wa zamu ya usiku
aliyempaka rangi ya kucha, nyekundu,
siku mbili kabla, bila kuambiwa na mtu.
Ripoti ya mwaka haikuandika hayo.
Iliandika: *wagonjwa 96 walihudumiwa.*

Hakuahidi kitu.
Hakuombwa kitu.

Lugha hii ninayoandikia
ina kitenzi cha herufi mbili tu, *-pa*,
kisichoweza kusimama peke yake.
Huwezi kusema *napa* ukaishia hapo;
lazima mtu aingie katikati:
nakupa, nampa, ananipa.
Mtoe huyo mtu, neno linavunjika mdomoni.
Eirwen hakijui kitenzi hiki.
Lakini asubuhi nzima, simu ikimchoma sikio,
kumbe alikuwa anakinyambua.

Jumatatu mkurugenzi anauliza mapato ya simu ile.
Anaandika sifuri. Ni haki, ni sifuri,
na paa la jikoni nalo limeanza kudondoka.
Mchana atavaa vile viatu tena.

Kabla ya hapo anafungua kopo,
anakata *kumi na wanne*, anaandika *saba*.
Anafikiri kidogo, anaongeza chini,
kwa herufi ndogo, maana kadi imejaa:
*Jike la kijivu, jeuri. Huyo hauzwi.
Piga Jumatano. Usiombe.*